Nilivyomzoesha Kashata Kreti

Jirani yangu wa ukutani, Mama Kelvin, ameletewa kitoto cha mbwa, na leo siku ya tatu kinalia. Si kilio cha njaa. Ni kile cha kufungiwa: kinaanza chini kama bawaba isiyotiwa mafuta, kinapanda, kinakatika, halafu panakuwa kimya kidogo, kama vile kinasikiliza iwapo kuna mtu anakuja. Juzi nilikuwa naanika nguo, Mama Kelvin akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Zuhura, huyu atanimaliza. Nimemwekea boksi poa kabisa, na blanketi, na hataki. Kwani watu hufanyaje ndio wazoee?"

Nikamwambia, "Sijui, mamangu."

Nilijua. Nilijua hatua kwa hatua kama ninavyojua kupika wali wa nazi. Nikarudi ndani nikajiuliza kwa nini nimesema uongo kwa jambo dogo kama lile, na sikupata jibu la kunitosha. Ndipo nikachukua daftari hili. Mimi si mtu wa kusoma sana, niliishia darasa la nane, na mengi ya utotoni siyakumbuki kwa mpangilio. Nitasema nililoliona, na pale nisipojua nitasema sijui. Sababu kati ya watu ninaowataja, wawili wameshatangulia mbele ya haki, na maiti hajibu.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi sijaitimiza. Tulikaa Utange, nyumba yetu mbele ni ya mawe na nyuma ya udongo, kwa kuwa Baba aliijenga kadiri ya mkono wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la mawe aliyoyaleta kutoka machimboni, ya kuongezea chumba. Chumba hakikujengwa mwaka ule wala uliofuata. Nyasi zilimea kati ya mawe, na mijusi ikafanya pale kwao. Mle ndimo nilimokuta mtoto wa mbwa, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, amejikunja kwenye shimo kati ya mawe mawili, mwili wote unatetemeka. Rangi yake ilikuwa ile ya kashata ya nazi iliyokaa motoni kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa hivyo nikamwita Kashata. Bibi aliposikia akasema mbwa hapewi jina la kitu kinacholiwa, lakini jina lilikuwa limeshashika.

Sijui alitoka wapi. Kulikuwa na majirani waliofuga mbwa kule kwenye mihogo, na niliwauliza, kila mmoja akasema si wake. Huenda mmoja wao alikuwa anasema uongo. Mbwa wa kike akizaa watano, watu hawawahesabu sana.

Lazima nieleze habari ya Bibi, mamake Baba, maana bila yeye mtu hataelewa. Bibi alikuwa wa Jomvu Kuu, mtu wa swala tano na twahara kamili, na kwetu sisi mbwa si mnyama wa kuingia ndani. Mate yake ni najisi, na si najisi ya kupangusa. Nilidhani Bibi angemfukuza kwa ufagio. Hakumfukuza. Alinishika bega, akanipeleka nyuma ya choo, akanionyesha.

"Mkavu kwa mkavu hakuna neno," akasema. "Ila akikulamba, au ukimshika ana maji, utaosha mara saba. Mojawapo kwa udongo safi. Si sita. Si saba bila udongo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na chombo chake ni chake. Kikivuka mlango huu, nitakivunja mimi mwenyewe."

Akanipa kopo la udongo uliochekechwa na kata ya kifuu. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nikaona kwamba kumbe jambo lina njia. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo labda mtoto wa kwetu tu angelifanya. Nilidhani kizuizi pekee baina ya Kashata na nyumba yetu ni najisi, na najisi nimeshapewa dawa yake. Nikiosha sawasawa, bila kuruka hata mara moja, nani atasema neno? Nikawa naosha kwa bidii, nahesabu kwa sauti ili Bibi asikie. Mara ya nne ilikuwa ya udongo. Nilipenda iwe katikati, ili ipate kata tatu mbele na tatu nyuma.

Kitu nisichokihesabu ni maji. Wakati ule mfereji haukufika kwetu. Mama alinunua maji kioski, akayabeba kichwani, dumu la lita ishirini, na njia ilikuwa mchanga mtupu, mguu unazama. Mimi nililambwa mara tatu nne kwa siku. Kila mara kata saba. Mama hakunigombeza. Ila nakumbuka siku moja aliweka dumu chini, akasimama ameshika kiuno, akalitazama lile kopo langu la udongo kwa muda. Nikadhani anaona nilivyo hodari.

Sasa nifike kwenye kreti. Baba alikuwa mchukuzi sokoni, akipakua nyanya zinazotoka bara, na jioni moja alikuja na kreti begani. Lilikuwa la mbao nyembamba zilizopigiliwa kwa kuachana, na ndani kulikuwa na mbegu za nyanya zimekaukia kwenye mbao. Alikaa uani akaanza kulitengeneza. Baba alikuwa na mikono mizuri. Kazi aliyoifanya mgongoni haikuwa kazi aliyoistahili, nami nasema hivi si kwa sababu alikuwa babangu. Alilipiga msasa ili mbao zisichome. Akatengeneza kifuniko, akakitia bawaba za mpira wa gurudumu. Pembeni, huku na huku, akafunga kamba nene za katani.

"Nyumba ya nani hii, Baba?"

"Ya rafiki yako."

Bibi alikuwa juu ya kiti chake cha kamba, anachambua mchicha. Hakuinua uso. "Na nyumba ina mishikio?" akauliza.

"Ya kuihamishia kivulini, Mama," Baba akasema. "Jua likizunguka."

Bibi akaendelea na mchicha wake.

Mimi nikasogea karibu na Baba. Alikuwa na msumari mdomoni, anapiga mwingine. Nikamwuliza, "Kwa hivyo atakaa kwetu?"

Akautoa msumari mdomoni, akasema, "Atakaa. Ila aizoee nyumba yake. Akiweza kulala humo kimya, mambo yake yatanyooka."

Neno lile nimeligeuza miaka mingi. Nimejaribu kumtetea nalo. Pengine alimaanisha atakaa kidogo. Pengine siku ile alikuwa bado hajakata shauri. Lakini ninachokumbuka ni msumari. Angeweza kuuacha mdomoni akaguna tu, nami kwa umri wangu ningetosheka na mguno. Aliutoa kwanza.

Basi Kashata hakulitaka kreti. Siku ya kwanza Baba mwenyewe alimshika shingo ya nyuma, akamsukumiza ndani, akafunga. Sijawahi kusikia kitu kidogo kikitoa sauti kubwa vile. Alilia, akakwaruza mbao, akajikojolea, akalia tena, hata mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani akatuma mtu kuuliza kama kuna msiba. Baba akafungua. Kashata akatoka mbio hadi kwenye mawe yake, na siku mbili hakutoka ila kula, na kula kwenyewe ni kwa kuiba.

Nilimkasirikia Baba. Sikuthubutu kusema sana, nilisema tu, "Siyo hivyo."

"Siyo hivyo vipi?"

"Ukimsukuma anaogopa."

Baba akacheka. Akaweka mikono kifuani kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Haya, mwalimu. Fundisha wewe, mimi nitakaa nyuma."

Tangu hapo akawa ananiita Mwalimu. Kila akirudi kazini: "Mwalimu, mwanafunzi wako hajambo? Amefika darasa la ngapi?" Sikuwahi kupewa jina zuri kama hilo. Shuleni nilikuwa mtu wa nyuma, sipewi hata kazi ya kufuta ubao. Nyumbani nikawa mwalimu.

Hakuna aliyenifunza nilichokifanya. Nilikaa tu nikamtazama mbwa. Kwanza nilikiondoa kifuniko kabisa, nikaliacha kreti limelala ubavu karibu na mawe, kama kitu kisicho na maana. Siku mbili sikuligusa. Kashata akaja akalinusa, akakojoa pembeni, akaenda zake. Nikaona hiyo ni hatua. Halafu nikaanza kuweka chakula chake mlangoni: makombo ya ugali na vichwa vya samaki. Kila siku nilikisogeza ndani kwa kiasi cha vidole viwili. Vidole viwili, si vitatu. Siku niliyokuwa na haraka nikasogeza kiganja kizima, alikaa na njaa mpaka jioni akinitazama kama niliyemtukana. Nikarudi vidole viwili.

Niliweka ndani kitambaa cha kanga yangu ya zamani, ambacho Bibi alikubali kikiwa hakitarudi ndani ya nyumba. Kitambaa kilimsaidia kuliko chakula. Siku moja nilitoka chuoni nikamkuta amelala mle peke yake, pua juu ya kile kipande, miguu ya mbele imetokeza nje. Sikumwita mtu. Nilikaa chini nikamtazama mpaka adhana ya alasiri.

Kisha nikamfunza neno. Nilisema "Ndani," mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na akiingia nampa kipande cha dagaa. Wiki ile nzima ilikuwa ndani, dagaa, ndani, dagaa. Alipokuwa anaingia bila kufikiri, nikarudisha kifuniko. Hapo ilibidi niwe na subira ya kweli. Mara ya kwanza nilifunga nikafungua papo hapo. Halafu nikafunga nikaimba jedwali la mbili, tunaloliimba shuleni, mbili mara moja mpaka mbili mara kumi na mbili, nikafungua. Kesho yake jedwali la tatu. Kesho kutwa la nne. Nilikaa mbele yake, uso wangu kwenye mbao, naye uso wake upande wa pili, tunatazamana kwenye nafasi, mimi naimba. Nikimaliza, nafungua. Kila nikimaliza nilifungua. Sikuwahi kumdanganya hata siku moja, hili naweza kuapa. Akaelewa kwamba wimbo una mwisho na mwisho wake ni mlango. Akaacha kulia. Ilipofika jedwali la saba mimi mwenyewe nilikuwa nakwama kwenye saba mara nane, na yeye alikuwa ananingoja, ameinamisha kichwa upande, wala hana wasiwasi.

Baba alikuwa anafuatilia kuliko nilivyotarajia. "Sasa anakaa muda gani?"

"Jedwali la sita."

"Hilo ni refu?"

"Refu kidogo."

"Na likiinuliwa? Likitikiswa?"

Nikasema sijajaribu. Akaniambia nijaribu, maana jua likizunguka itabidi tumhamishe. Nikaona ni sawa. Tukashika mishikio, mimi huku, yeye kule, tukamzungusha uani kama watu waliobeba kitu cha thamani. Mara ya kwanza Kashata alitetemeka. Mara ya tatu alilala. Baba akasema, "Mashallah, Mwalimu," na furaha yake ilikuwa ya kweli. Nimeikagua sana furaha ile, na naamini ilikuwa ya kweli. Ndicho kinachonisumbua.

Katika siku zile Bibi aliniita. Nilikuwa naosha, nimefika ya tano.

"We mwana."

"Abee, Bibi."

"Usijichoshe na mbwa yule."

Nikadhani anataka kuniambia habari za najisi. Nikasema, "Naosha zote saba, Bibi. Na ya udongo."

"Naona unaosha. Sisemi kuosha." Akavuta mtandio wake. "Muulize baba'ko kreti ni la nini."

"Ni nyumba yake."

"Muulize."

Sikumwuliza. Nilimwona Bibi mtu mbaya. Nilisema moyoni kwamba amemchukia Kashata tangu jina, na sasa anataka kunitia shaka. Nikamaliza ya sita na ya saba, nikaondoka bila kumjibu, jambo ambalo kwa kawaida ningechapwa kwalo. Hakunichapa. Leo ninapoandika naona kwamba katika nyumba ile yeye ndiye peke yake aliyejaribu kuniambia ukweli, na nilimlipa kwa kununa wiki nzima. Lakini nikiwa mwadilifu ni lazima niseme pia kwamba aliujua wote na alinipa nusu yake tu. Angeweza kusema. Labda aliona si haki yake kumvunjia mwanawe heshima mbele ya mtoto. Sijui.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Chuoni tuliachiwa mapema, na nilipofika nyumbani nilikuta pikipiki mlangoni na mgeni amekaa na Baba barazani, anakunywa chai. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba kwa upole. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya vito safi, ya kudarizi, miguu imejaa vumbi la safari. Baba akasema huyu ni msimamizi wao wa sokoni, ametoka kwake Likoni. Mama alikuwa jikoni na hakutoka.

"Huyu ndiye mwalimu niliyekwambia," Baba akamwambia.

"Ndiye huyu?" Mgeni akatabasamu. "Mdogo hivi?"

"Mwalimu, hebu mwonyeshe mgeni mwanafunzi wako anavyoingia."

Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kutembea kwa fahari kama mimi kutoka baraza lile hadi nyuma ya nyumba. Kashata alinikimbilia, akanilamba mkono wa kulia, nikasema moyoni nitaosha baadaye. Kreti lilikuwa limesogezwa, lipo karibu na njia, lakini sikulitilia maanani. Nikasimama wima kama walimu wanavyosimama. Nikasema, "Ndani."

Akaingia. Akazunguka mara moja juu ya kile kitambaa, akalala, akaweka kidevu juu ya miguu.

"Subhanallah," mgeni akasema. "Na ukifunga?"

"Halii," nikasema. Nikafunga mwenyewe. Naandika hivi kwa kuwa nimekwisha kujaribu kukumbuka vinginevyo: kwamba Baba ndiye aliyefunga, au yule bwana. Ni mimi. Nikachuchumaa, uso kwenye mbao, nikaanza jedwali la saba, kwa kuwa ndilo refu tulilofika na nilitaka mgeni aone.

Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Mgeni akatoa mpira mrefu wa tairi, akaupitisha juu ya kifuniko. Nikadhani anataka kuona kama Kashata ataogopa, kwa hivyo nikaendelea, nikapandisha sauti kidogo ili anisikilize mimi. Saba mara tano. Wakashika mishikio, Baba huku, mgeni kule, wakainua, nami nikainuka nikifuata, bado naimba, nimeinama, nafuata uso wake kwenye nafasi ya mbao. Wakalipandisha nyuma ya pikipiki. Saba mara saba, arubaini na tisa. Baba akafunga kamba fundo la wachukuzi, lile lisilofunguka safarini.

Saba mara nane. Nikakwama, kama kawaida yangu. Pikipiki ikawaka.

Kashata hakulia. Watu huniambia mbwa hulia akiachwa. Yeye hakulia. Alikuwa amenitazama tu, kichwa upande, ananingoja nikumbuke. Nilimfunza kwamba nikimaliza mlango unafunguliwa, na sikuwa nimemaliza. Walipokata kona ya duka bado alikuwa kimya, na mimi nimesimama njiani, namba imenipotea.

Nikamgeukia Baba. Nilitegemea atacheka, aseme wanazunguka mara moja tu. Alikuwa anajipangusa mikono kwenye kikoi.

"Amepata pahali pazuri," akasema. "Shamba kubwa. Atakimbia."

"Ulisema atakaa."

"Umemfunza vizuri sana. Umeona hakulia hata kidogo?"

Nikasema, "Ahsante, Baba." Hilo nalo nimejaribu kulikumbuka vinginevyo. Nilikuwa nimefunzwa kwamba mtu akikusifu unashukuru, na ulimi ulitangulia.

Mkono wa kulia ulikuwa umelambwa, na Bibi alikuwa ameshasimama nyuma ya choo, ananingoja. Nilikataa kuosha. Nilisema siendi. Bibi hakugomba. Alinifuata, akanishika kifundo cha mkono, akanimiminia maji yeye mwenyewe, kata baada ya kata, hakupunguza hata moja, akanisugua udongo kwa vidole vyake. Nililia tangu ya kwanza hadi ya saba. Alipomaliza alikausha mkono wangu kwa ncha ya leso yake, akaenda kuswali.

Maelezo niliyapata baadaye sana, kwa Mama, nikiwa nimeshaolewa. Nilimwuliza siku moja tukikuna nazi, akashangaa kwamba bado nakumbuka. Akasema yule bwana alikuwa amewahi kuja hata kabla ya kreti, mimi nikiwa shule, akamtaka mbwa kwa ajili ya shamba lake. Walipojaribu kumtia kwenye gunia alilia mpaka bwana akasema hawezi kuvuka naye feri vile, watu watamwona mwizi. Akasema atarudi mbwa akizoea kubebwa.

"Baba'ko angemwambiaje hapana?" Mama akasema. "Yule ndiye aliyekuwa akichagua nani apakue na nani arudi nyumbani. Na maji, mwanangu. Wewe hukuwa ukiyabeba wewe. Mgongo huu unaouona umeanza mwaka ule."

"Si mngeniambia."

Mama akaacha kukuna. "Tungekwambia, ungemfunza?"

Nisingemfunza. Ningemficha kwenye mihogo. Na wangemchukua hata hivyo, ndani ya gunia, akilia njia nzima mpaka Likoni. Kwa hivyo huenda hata kwa Kashata mwenyewe nilichokifanya kilikuwa heri, na waliyoyafanya wakubwa yalikuwa na sababu tatu nzuri, kazi ya Baba, mgongo wa Mama na Kashata mwenyewe, kwa moja yangu mbaya. Nikizipima, nashindwa. Kila nikizipima nashindwa. Na bado nikisikia mtoto wa mbwa anaacha kulia ndani ya sanduku, naumia kuliko nikimsikia analia.

Baba alisema Kashata alikua mbwa mkubwa, na kwamba aliitwa jina jingine. Alisema mara moja tu, na sikumwuliza jina gani.

Ila kuna jambo moja zaidi, la Ijumaa iliyofuata. Baba alikuwa amerudi msikitini, tumekaa mkekani wote wanne, sinia la wali katikati. Wiki nzima nilikuwa nimefanya kila nililoambiwa, sikununa, sikujibu vibaya. Nadhani ndicho kilichomtia wasiwasi.

"Mwalimu," akaniita.

Sikuitika abee. Nilimtazama tu.

"Nimefikiri. Nitakuletea paka. Paka hana udhia, hana kata saba. Atalala hata miguuni pako. Kuna paka amezaa pale sokoni, mmoja mweupe kama pamba. Nitakuletea yule."

Nikasema, "Wallahi?"

Mkono wa Mama ukasimama juu ya sinia. "We mtoto. Unamwapisha baba'ko?"

"Mwache," Baba akasema.

Bibi alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna.

Baba alifinyanga tonge, akalishika, hakulipeleka kinywani. Niliona midomo yake ikijiandaa, kama mtu anayetaka kutamka. Si neno gumu. Kwetu watu huliapia bei ya dagaa. Nikamngoja, sikumwondolea macho, sikumwonea huruma. Sote tulimngoja.

"Kuleni," akasema mwishowe. "Wali unapoa."

Hakuapa. Na paka hakuletwa. Kwa hivyo, nikisema haki, siku ile Baba hakunidanganya.